Kuosha shotigani ya zamani iliyopigwa baruti nyeusi: mwongozo kamili, kuanzia ukaguzi mpaka kabatini

Jioni ile ile. Kama una dakika moja tu ya kusoma basi chukua hilo, bunduki iliyopigwa baruti nyeusi inaoshwa jioni ile ile, kwa maji, kabla hujala na kabla hujaoga, sio kesho asubuhi na sio wikendi ukipata nafasi, kwa sababu huku Uingereza ninakoishi hewa yenyewe ina unyevu mwaka mzima na kutu haisubiri mtu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilishaharibu mtutu mmoja. Nina shotigani ya kaliba 10 ya mitutu miwili, imetengenezwa Birmingham zama za Malkia Victoria, mitutu ya Damasko, nyundo zake ziko nje, na nilipoipata mitutu yote miwili ilikuwa inang'aa ndani kama kioo. Msimu wa kwanza nikarudi nayo jioni kutoka pwani, mvua, baridi, nimechoka, nikaipitisha mafuta ya bunduki ndani kama ninavyofanya kwa shotigani yangu ya kisasa, nikafuta, kitambaa kikatoka cheusi, nikaongeza mafuta, nikaona imetosha nikaifungia kabatini. Wiki mbili baadaye naifungua naona rangi ya machungwa ndani ya mtutu wa kushoto. Kutu yenyewe ilitoka, lakini chini yake yamebaki vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, na vile vishimo haviondoki labda ukwangue chuma, na ukikwangua unapunguza unene wa mtutu wa miaka zaidi ya 130 ambao hauna chuma cha ziada.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilishaona jinsi inavyofanywa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore lake lenye kibali, na sisi watoto ndo tulikuwa tunatumwa kuchemsha maji, akitoka shamba kupiga ngedere analiosha kwa maji ya moto mpaka yatoke meupe, anakausha kwa kitambaa, ndo anapaka mafuta. Maji kwanza, mafuta baadaye. Mimi nikaja kusahau kitu nilichokiona nikiwa na miaka minane.

Kwa nini maji na sio mafuta

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu tu, chumvi ya naitreti ya potasiamu kama asilimia 75, mkaa 15, salfa 10. Ikiungua haiishi yote kuwa moshi, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa kitu kigumu, sehemu inatoka na ule moshi mweupe mzito na sehemu inaganda ndani ya mtutu. Hayo masizi sio masizi ya kawaida kama ya sufuria, ndani yake kuna chumvi chumvi za potasiamu, kabonati, salfeti na salfaidi, na chumvi hizi zinanyonya unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo hata kama bunduki haikunyeshewa kabisa, ukiiacha na masizi yake ni sawa na kufunga chuma ndani ya kitambaa kibichi chenye chumvi.

Sasa chumvi inayeyuka kwenye nini? Kwenye maji. Haiyeyuki kwenye mafuta ya petroli, wala mafuta mepesi ya bunduki, wala mafuta ya taa. Ukimimina mafuta juu ya masizi haya unayafunika tu, yanageuka kitu kinene kama lami, na chumvi inabaki chini imefungwa pale pale kwenye chuma inaendelea kula. Ndicho nilichokifanya mimi.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi ni habari nyingine, yenyewe inaungua karibu yote, ndo maana mtu aliyezoea shotigani ya kisasa anakuja na mazoea yake na anaharibu bunduki ya zamani bila kujua. Na tukiwa hapo hapo, usije ukaweka risasi za kisasa za baruti isiyo na moshi kwenye bunduki iliyopimwa kwa baruti nyeusi tu. Hata kama zinaingia vizuri. Hata kama jamaa yako anakwambia yeye anapiga zake kila siku.

Kabla ya yote, ujue umeshika nini

Sehemu hii watu wanairuka na hawapaswi, kwa sababu ukishajua bunduki yako ilivyo ndo utajua uoshe vipi na wapi pa kupaangalia kila ukiosha.

Namba ya kaliba kwanza. Kwenye shotigani namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, maana yake ni idadi ya risasi za duara za madini ya risasi zinazotoka kwenye pauni moja, kila moja ikiwa na upana wa tundu lile. Kaliba 12 ni inchi 0.729, kaliba 10 ni 0.775, kaliba 8 ni 0.835, na kaliba 4 inapita inchi nzima. Frederick Selous, yule ambaye pori la akiba kule kusini mwa Tanzania lilipewa jina lake na aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, alianza kuwinda tembo miaka ya 1870 na bunduki za kaliba 4 za kushindilia kwa mdomoni. Huku Uingereza hizi kubwa za kaliba 8 na 10 zilikuwa za wawindaji wa bata na mabata bukini kwenye mito ya pwani, kwenye tope la maji ya chumvi, kwa hiyo nyingi zilishaonja chumvi ya bahari juu ya chumvi ya baruti, na ukikuta moja ambayo bado ni safi ndani ujue kuna watu walikuwa wanaosha kila jioni kwa vizazi kadhaa.

Toa mitutu, igeuze, angalia chini yake upande wa chemba, yaani nyuma pale ganda linapoingia. Pale kuna alama za kupimwa. Uingereza kuna nyumba mbili za upimaji, ya London ambayo ni ya zamani sana na ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge 1813. Bunduki inapigwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida, ikipona inagongwa alama. Ukiona namba kama 13 au 12 peke yake karibu na alama hizo, huo ndio upana wa tundu siku ilipopimwa, kwa mfano 13 ni inchi 0.710. Ukiona maneno NOT FOR BALL, yaani sio ya risasi moja ya duara, hiyo ni ya kati ya 1875 na 1887 na mtutu huo una choki, yaani tundu limebanwa kidogo karibu na mdomo. Ukiona herufi NP ujue ilipimwa kwa baruti za naitro, zile zisizo na moshi, na kama hakuna alama yoyote ya namna hiyo basi ichukulie ni ya baruti nyeusi peke yake.

Tundu likiwa limepanuka kwa sehemu kumi za elfu moja za inchi, yaani inchi 0.010, kuliko lilivyoandikwa, bunduki imetoka nje ya kipimo na kisheria huku huruhusiwi kuiuza mpaka ipimwe upya. Unene wa ukuta wa mtutu nao una kikomo, mafundi wengi huku hawapendi uende chini ya inchi 0.020 sehemu nyembamba kabisa, hiyo ni nusu milimeta tu, na karibu na chemba panatakiwa unene zaidi ya hapo sana. Vipimo hivi huwezi kuvipata kwa rula wala kwa kukisia kwa macho, peleka kwa fundi mwenye kifaa chake, atakupimia mtutu mzima. Hii ni hela ya kulipa kabla hujapiga hata risasi moja.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe nyumbani na mimi nakipenda sana. Toa mitutu, toa kipande cha mbao cha mbele, ining'inize mitutu kwa kamba kwenye lile jino la chini, halafu igonge taratibu kwa kijiti cha mbao au kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima inalia kama kengele, sauti inavuta. Ikitoa sauti ya bati lililopasuka, au kitu kinacheza cheza kama kinatetemeka, basi ule utepe wa chuma unaounganisha mitutu miwili umeachia lehemu mahali fulani, na hapo maji ya kuoshea yataingia chini ya utepe na yatakaa humo yakila mitutu kwa nje mahali usipoona. Mitutu ya namna hiyo haioshwi kwa kutumbukizwa kwenye maji, inakwenda kwa fundi kwanza.

Kingine, funga bunduki ikiwa tupu, toa mbao ya mbele, halafu jaribu kuitikisa mitutu kushoto na kulia. Ikicheza, au ukiiinua dhidi ya taa ukaona mwanga kati ya mitutu na ule uso wa chuma inapokaa, ujue imelegea na inahitaji fundi.

Kuhusu Damasko wengi wanaiogopa na wengi pia wanaidharau. Ni chuma na stili zilizosokotwa pamoja kuwa utepe, utepe ukazungushwa kwenye nondo na kugongwa kwa nyundo ya mhunzi ukiwa na moto mpaka ukashikana ukawa bomba. Yale maua unayoyaona ni rangi mbili za chuma baada ya kuliwa na asidi kidogo na kupakwa rangi ya kahawia kwa kutu iliyodhibitiwa. Kwa hiyo ukiisugua kwa stilwaya au poda ya kung'arishia masufuria unafuta yale maua, na ukiipaka siki au ndimu unaila zaidi. Nje ya mitutu hii ni maji, sabuni na kitambaa laini tu, basi.

Vitu vya kuandaa

Viandae kabla hujaondoka kwenda kupiga, sio ukirudi, maana ukirudi umechoka na utatafuta sababu ya kuahirisha. Ndoo moja ambayo haitarudi tena jikoni, kwa sababu maji haya yana madini ya risasi ndani. Faneli. Birika la maji. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache tu. Fimbo ndefu ya kusafishia ya mbao au iliyovikwa plastiki, kipande kimoja, na uhakikishe kichwa chake ni cha kaliba yako kweli, kwa sababu brashi ya kaliba 12 kwenye mtutu wa kaliba 10 inapita tu kama mgeni, haigusi kuta. Brashi ya waya wa shaba nyeusi, brashi ya sufi, mswaki wa zamani, na vitambaa vya pamba vingi kuliko unavyodhani, mimi nakata mashuka ya zamani na fulana. Glavu za mpira. Mafuta mepesi ya bunduki. Wengi tunatumia pia Ballistol, ya Wajerumani, imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, faida yake kubwa ni kwamba inachanganyika na maji ikawa kama maziwa, kwa hiyo inayeyusha chumvi na maji yakikauka inaacha utando wa mafuta.

Baruti yenyewe na maganda yenye mzigo visiwepo kwenye chumba hicho. Vifungie kwanza.

Ukiwa bado uwanjani

Ukishapiga ya mwisho, fungua, angalia mitutu yote miwili kwa macho mpaka uone mwanga upande wa pili, halafu pitisha kitambaa kibichi mara moja kila mtutu na kingine kikavu. Dakika tatu. Masizi yakiwa bado ya moto ni laini kama majivu yaliyoloa, yakikaa masaa mawili kwenye gari yenye hita yanakauka yanakuwa magumu kama udongo wa tofali na kazi ya jioni inakuwa mara mbili.

Kuosha mitutu

Ukifika nyumbani hakikisha tena kwamba ni tupu. Najua umeshaangalia. Angalia tena. Kisha toa mbao ya mbele, toa mitutu, kitako na mtambo wake uviweke mbali kabisa na maji, mezani juu ya taulo kavu. Kile kichuma kinachosukuma maganda kutoka kwenye chemba, kama unajua kukitoa na una bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, kitoe, maana chini yake masizi yanajificha. Kama bisibisi yako haikai vizuri usikitoe, skrubu za bunduki hizi zina mfereji mwembamba sana, ukiuharibu umeharibu kitu kisichopatikana dukani.

Simamisha mitutu kwenye ndoo, mdomo chini juu ya kitambaa kilichokunjwa usijigonge, chemba juu. Mimina maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa faneli kutokea upande wa chemba, nusu lita kila mtutu kwa kuanzia. Yanatoka meusi kama kahawa na yananuka yai viza, hiyo ni salfa, ndo harufu ya kazi kufanyika. Sasa funga kitambaa kwenye kichwa cha fimbo kiwe kimebana kiasi, kiingize kutokea chemba, ukisukuma mpaka chini kwenye maji ya ndoo na kuvuta juu maji yanapanda na kushuka ndani ya mtutu kama pampu ya baiskeli. Mara ishirini polepole. Utasikia mkononi, mwanzoni fimbo inakwaruza kwaruza na inakwama kwama, halafu kuna mahali ghafla inakuwa laini, hapo masizi yameachia. Mwaga, weka maji mapya, rudia mtutu wa pili.

Siku zote ingiza fimbo kutokea chemba, usiiingize kutokea mdomoni. Mdomo wa mtutu ndo unaoamua marisau yatoke vipi, na fimbo ikisugua upande mmoja miaka na miaka inaukwangua.

Baada ya maji ya pili chukua brashi ya shaba ufanye kazi sehemu mbili ambazo watu wanazisahau, inchi chache za kwanza mbele ya chemba ambako moto ni mkali zaidi, na kule mwisho kwenye choki. Kama umepiga maganda yenye wadi, yaani kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisau, za plastiki utakuta michirizi ya kijivu imeshikana ukutani, hiyo ni plastiki iliyoyeyuka kwa joto la baruti nyeusi, maji hayaitoi, inabidi brashi na dawa ya kusafishia bunduki na uvumilivu, na chini yake masizi yanajificha pia. Ndo maana watu wa bunduki hizi wanatumia wadi za nyuzi na karatasi. Ukiwa unanunua risasi za baruti nyeusi uliza wadi ni za nini kabla hujatoa hela, na hapo hapo uliza marisau ni ya nini. Uingereza tangu 1999 marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi kwa bata, na marisau ya stili hayafai kabisa kwenye mitutu ya Damasko, ni magumu yanaikwaruza na yanaigandamiza kwenye choki. Sisi tunatumia ya bismathi, ghali lakini laini.

Suuza kwa maji safi yasiyo na sabuni mpaka yatoke jinsi yalivyoingia. Usiamini kwa macho kwenye ndoo iliyochafuka, weka bakuli jeupe chini ya mdomo umimine kikombe cha mwisho uone.

Hapa kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu maji yanayochemka. Wanaoyatetea wanasema mtutu ukipata moto unajikausha wenyewe, na ni kweli. Tatizo ni kwamba chuma kitupu cha moto na mvuke kinashika kutu ya ghafla, unaona kabisa wingu la rangi ya chai linatokea ndani ya mtutu ndani ya dakika, haina kina na inatoka kwa kitambaa lakini inaudhi. Na mitutu ya kaliba 10 ikiwa na moto haishikiki, ukiidondosha imebonyea. Mimi natumia vuguvugu kuanzia mwanzo hadi mwisho na nakausha kwa nguvu za mkono. Kwa gobore la mtutu mmoja mnene la babu maji ya moto yalikuwa sawa, lakini kwa mitutu miwili iliyoshikanishwa kwa lehemu yenye zaidi ya karne moja sioni faida ya kuihangaisha na joto.

Kukausha, na hapa usikimbie

Vitambaa vikavu, kimoja kimoja, mpaka kitoke kikavu kabisa na cheupe. Kwangu huwa ni vitambaa vinane mpaka kumi kila mtutu. Kisha kausha nje, kwenye kona za lile jino la chini, kwenye mfereji wa katikati ya mitutu pale juu na chini, tumia ncha ya kitambaa iliyokunjwa na kijiti. Puliza kwa pampu kama unayo. Dawa ya kufukuza maji kama WD-40 ukinyunyiza hapa inasaidia kusukuma maji yaliyojificha, lakini usiitegemee kama ulinzi wa kudumu, inakauka haraka. Iache mitutu nusu saa mahali pa joto kidogo, sio juu ya hita.

Baada ya hapo ndo mafuta. Kitambaa kilicholoa mafuta mepesi kidogo ndani, kingine nje. Utando tu, isichuruzike.

Mtambo na kitako

Maji hayaingii huku. Chukua kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana na mswaki, futa ule uso wa chuma mitutu inapokaa, hasa kuzunguka vile vitundu viwili vya pini zinazogonga fataki, yaani kiwashio cha ganda. Gesi ya baruti inarudi nyuma kupitia pale, na kwenye bunduki zilizopigwa zamani kwa fataki za klorati utakuta pameliwa kabisa pembeni ya pini kama jino lililooza. Futa nyundo, futa chini ya nyundo, kausha, weka tone moja la mafuta kila pini kisha ulifute. Zile mashine za pembeni usizifungue kila wiki, mara moja kwa mwaka kwa fundi inatosha, humo kuna springi zenye nguvu zinazovunjika ukizitoa bila kifaa chake.

Mbao ifute kwa kitambaa kikavu, na kama imelowa mvua iache ikauke yenyewe kwenye hewa ndo uisugue matone mawili ya mafuta ya kitani kwa kiganja.

Maganda ya shaba

Kama unatumia maganda ya shaba tupu yanayorudiwa, yatupe kwenye chupa ya maji yenye sabuni ukiwa bado uwanjani, ukichelewa yanageuka kijani ndani. Nyumbani yaoshe kwa brashi ndogo ya chupa, loweka dakika chache kwenye maji yenye unga kidogo wa asidi ya limau, suuza vizuri sana, kausha. Usitumie kabisa dawa za kung'arishia zenye amonia. Jeshi la Uingereza kule India lilikuta maganda ya shaba yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua yanapasuka yenyewe bila kupigwa, mpaka 1921 ndo ikaelezwa wazi kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi ilikuwa inaingia kwenye shaba yenye mkazo ndani yake. Ganda linaweza kung'aa kabisa na bado lina ufa mwembamba kama unywele karibu na mdomo, kwa hiyo yapitie moja moja chini ya taa, lenye ufa likunje kwa koleo ulitupe ili hata mtu mwingine asije akalitumia.

Kesho yake

Kesho asubuhi pitisha kitambaa cheupe kikavu ndani ya kila mtutu. Kikitoka na mafuta tu, umemaliza, paka mafuta mapya. Kikitoka cha kahawia kuna chumvi imebaki, na hapa usiongeze mafuta ukajipa moyo, rudi kwenye ndoo uanze upya na maji. Rudia ukaguzi huu siku ya tatu, halafu mara moja kwa mwezi. Mtu aliye Mombasa, Tanga au Unguja, hewa yenyewe ina chumvi, afanye kila wiki.

Usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi au wa manyoya ya kondoo, mifuko hiyo inanyonya unyevu na kuukumbatia kwenye chuma. Iweke kabatini lenye kufuli kama sheria ya kibali chako inavyotaka, mdomo ukiangalia chini juu ya kipande cha zulia. Watu wengi wanaisimamisha mdomo juu na mafuta yanashuka polepole yanaingia kwenye mbao pale inapokutana na chuma, mbao inakuwa nyeusi na laini kama keki, na siku moja ukipiga kitako kinapasuka.

Ile kaliba 10 yangu bado ninayo. Fundi aliipima, ukuta ulikuwa bado mnene, akaniambia nipige tu ila nisiache mtu yeyote akwangue vile vishimo. Mtutu wa kushoto unachukua vitambaa kumi na nne kukauka badala ya kumi kwa sababu maji yanakaa kwenye vishimo, kwa hiyo kila jioni naanza na huo.